Pedali Mpya na Madimba ya Papa Kabange

Chini ya pedali yangu ya gitaa kuna kipande cha plasta, ile ya kufungia kidonda, na juu yake imeandikwa namba 435 kwa penseli ya seremala. Plasta yenyewe imegeuka rangi ya chai. Wapiga gitaa wenzangu wakiiona wanadhani ni namba ya siri, au namba ya nyumba ya bwana fulani, na mimi huwa nawaacha wadhani wanavyotaka. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikijibu kwamba ni mambo ya ufundi, hayawahusu. Lakini miezi miwili iliyopita Papa Kabange, aliyeiandika namba ile, alifariki, tukamlilia uani kwake hapa mtaani Makomeno, na Jumapili iliyopita mjane wake, Mama Odia, alinipa ruhusa ambayo sikuwa nimeiomba. Basi nasema. Nilizaliwa wapi, nani alimzaa nani, nilisoma kwa masista gani, hayo niyaache. Hayana muziki ndani. Nianze na mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa pedali mpya.

Mwaka ule nilikuwa mpiga gitaa bora kuliko wote katika korali za mji huu, na asiyekubali aje tuonane, na gitaa lake alibebe. Si majivuno, ni habari. Wasichana wa korali yetu walikuwa wanapangwa mstari wa soprano, wanavaa kitambaa kimoja, wanaimba, wanarudi nyumbani. Gitaa lilikuwa la wavulana. Mimi nililipata kwa sababu mpiga solo wetu alikwenda Kolwezi kutafuta kazi, na Maître Fidèle, kiongozi wa korali, alikuwa na Pasaka mbele yake na hakuwa na mtu. Alinisikia nikipiga uani kwa jirani, akaniita, akasema ni kwa muda tu. Muda huo sasa ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Wanaume wa mstari wa nyuma, wale waimbaji wa besi, walipenda kunong’ona kwa sauti ambayo walijua inanifikia. “Mwanamuke kwa solo? Tungojee. Siku moja itamupotea mbele ya bantu.” Nilikuwa nacheka nao, napokea soda yao, na moyoni najiambia siku hiyo wataingoja mpaka meno yawatoke.

Kwa asiyejua, pedali ni sanduku la chuma linalokaa sakafuni. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja, unatokea mwingine kwenda kwenye spika, na ukikanyaga vitufe vyake sauti inageuka: inakuwa na mwangwi, inatetemeka, inalia. Pedali yetu ilikuwa mali ya korali, lakini ililala chumbani kwangu, ndani ya beseni, nimeifunika kitambaa kama bukari, ugali wetu, inayongoja mgeni. Ilikuwa imechoka. Kitufe kimoja hakikuamka mpaka ukipige kisigino, na sauti kumi kati ya ishirini zilikuwa zimekufa. Ila ilikuwa na kitu kimoja ambacho korali nzima ilikitegemea: taa ndogo ya kulinganishia nyuzi. Ukipiga uzi, taa ikiwa nyekundu, uzi uko juu mno au chini mno. Unakaza, unalegeza, mpaka iwe kijani. Hatukuwa na piano wala kifaa kingine chochote. Taa ile ikisema kijani, ni kijani, hata Maître Fidèle alikuwa hajibishani nayo.

Na aliyeiamini kupita wote alikuwa Papa Kabange. Alikuwa mstaafu wa karakana ya reli, mtu wa kaskazini ya Katanga, mfupi, mtanashati, mbishi, anayevaa koti hata mwezi wa kumi jua linapochoma. Alipiga madimba, zile mbao zilizopangwa juu ya vibuyu, zinazogongwa kwa fimbo mbili zenye mpira kichwani. Madimba yake ya kwanza yalipoliwa na mchwa, alikwenda mwenyewe njia ya Kinsevere kukata mti wa mulombwa, mahali ambapo leo kuna uzio wa mgodi na hupati hata kijiti cha kuchokonolea meno, akarudi nao juu ya kamyo la mizigo, akatangaza kwamba madimba haya mapya yataingia kanisani na gitaa, kwa hiyo yatafuata gitaa. Mtu mwingine angetumia masikio. Papa Kabange alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na vipimo, na masikio aliyadharau, hata yake. “Machine haidanganyake, Béa,” aliniambia. “Bantu njo banadanganyaka.” Watu ndio wanaodanganya.

Kwa hiyo majuma matano, kila mchana saa tisa, nilibeba gitaa na pedali mpaka salon yake, sebule ya nyumba. Naikumbuka ile salon kuliko chumba changu mwenyewe: viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, televisheni iliyovalishwa kama bibi harusi, saa ya ukutani aliyopewa siku ya kustaafu, na katikati, juu ya magazeti, Papa Kabange amekaa sakafuni na koti lake, ubao mapajani, kisu mkononi. Mimi napiga noti, taa kijani. Yeye anagonga ubao, tunasikiliza. Ukichonga ubao katikati, upande wa chini, sauti inashuka. Ukichonga ncha zake, inapanda. Anachonga kidogo, anapuliza vumbi, anagonga. Tena. Tena. Mbao kumi na saba. Mama Odia alikuwa anapita na sahani anaturuka kama madimbwi. “Nyie bawili, mutakula mbao?” Tulikula bukari na sombe la majani ya muhogo, na samaki thomson aliyekaangwa mpaka mkia unavunjika kama biskuti, na kama kulikuwa na munkoyo, togwa ya mahindi, tulikunywa kikombe kimoja kwa zamu, tukarudi kazini. Siku alipofunga ubao wa mwisho alipiga madimba yote kutoka chini hadi juu, akanitazama, akasema tu, “Sasa nikufwe.” Mama Odia akamwambia amalize kwanza kurekebisha mlango wa choo.

Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla. Mwaka ninaousimulia, parokia yetu ilitimiza jubilei, ikaamuliwa kwamba korali tatu zitaimba pamoja Misa moja, na moja kati ya hizo ilikuwa na piano ya umeme na mpigaji wake, Monsieur Serge, kijana wa tai. Maître Fidèle akaona aibu ya pedali yetu. Mwezi wa sita, kwenye baridi, alinituma katikati ya mji kwa Jeannot, aliyekuwa na kiduka cha vyombo vya muziki pembeni ya duka la vitambaa. Jeannot alikuwa na pedali mpya kabisa, nyeusi, na sauti mia ndani yake. Sikuwa nimewahi kutamani kitu hivyo, hata mwanaume. Mkataba wake ulikuwa wa kubadilishana: tunabaki na mpya kwa majaribio juma moja, na Jumatatu baada ya sherehe tunarudisha mojawapo. Kama tunaitaka mpya, tunampa ya zamani pamoja na kile korali ilichokuwa imekusanya. Kama hatuitaki, tunamrudishia yake. “Béa njo atasema,” Maître Fidèle alitangaza mbele ya wote. “Ye njo anakanyangaka pedali.” Nilisimama pale nikajiona waziri.

Jumanne, mazoezi. Gitaa langu nililinganisha kwa pedali mpya, taa yake kijani, nzuri, kubwa. Mpiga besi alikuwa amelinganisha lake kwa ya zamani, naye kijani. Papa Kabange akainua fimbo. Tulianza wimbo wa kuingia, na kabla ya mstari wa pili watu walikuwa wamekunja nyuso. Gitaa langu na madimba vilikuwa vinakwaruzana. Haikuwa noti moja iliyokosewa. Kila kitu kilikuwa kinapishana kidogo, kama viatu vya jozi mbili. Tulisimama, tukalinganisha upya, ikawa vilevile. Nililinganisha kwa ya zamani, tukapatana mara moja. Basi hukumu ikatolewa pale pale. “Ni feki ile kintu!” mstari wa nyuma walisema. Papa Kabange aliigusa pedali mpya kwa ncha ya kiatu. “Taa yake haina akili.” Na mimi, waziri, nilikubali. Nilisema iko mbaya, nitairudisha, na nitamwambia Jeannot maneno yatakayomkaa.

Jumatano asubuhi nilimwambia. Kulikuwa na wateja wawili dukani, nao waligeuka kusikiliza, maana nilikuwa nasema kwa sauti ya kupangilia mstari wa soprano. Jeannot hakupandisha yake. “Ma sœur, unanitukana mbele ya bantu. Mi siuzishake feki.” Akaiwasha pedali mpya. Akaiwasha na nyingine iliyokuwa kabatini. Akapiga la, noti ambayo wote hulinganishia, kwenye piano iliyokuwa rafuni, na taa zote mbili zikawa kijani. Kisha akainamia ya kwetu, niliyokuja nayo ndani ya beseni lake, akapiga la ile ile: nyekundu. Akabonyeza vitufe viwili pamoja, na kwenye kioo ikatokea namba ya kimo cha la. “Angalia. Dunia yote beko kwa 440. Weye uko kwa 435. Yote yenye mulilinganisha na hii iko chini kidogo. Nani aligusaka hapa?” Wateja wale walicheka. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba korali za siku hizi, ni kelele tu.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua nani. Siku ya kwanza nilipokabidhiwa pedali ile, nikiwa na miaka kumi na sita, nilikaa nayo chumbani na kitabu chake kilichoandikwa kwa lugha nisiyoijua, nikabonyeza kila kitufe kutafuta sauti. Mahali fulani ilitokea namba, nikaona nikibonyeza inashuka: 439, 438, 437. Nilipenda tu kuiona inashuka. Ilipofika 435 ikakataa kwenda zaidi, nikaiacha, nikaendelea na mengine. Kidole changu. Na kwa sababu ya kidole kile, korali nzima ilikuwa imeimba chini karibu miaka mitatu bila kujua, na Papa Kabange alikuwa amechonga mbao kumi na saba za mulombwa, moja moja, kwa majuma matano, kufuata uongo wangu. Ukiwa peke yako tofauti ile huisikii. Ukiweka piano pembeni, mtoto wa katekesimu ataisikia. Na piano ilikuwa inakuja.

Nilirudi Makomeno kwa miguu na beseni kichwani, pedali zote mbili ndani, nikihesabu njia zangu. Ningeweza kusema pedali mpya ni mbovu kweli, tubaki na ya zamani, kwisha. Wote walikuwa wameshaamini. Lakini Jeannot angebaki na jina la mwuza feki kwa kosa ambalo si lake, na Jumapili piano ingefika vilevile, na mbele ya mapadri na korali tatu madimba yangesikika mabovu, na kila mtu angemgeukia mzee. Ningeweza kusema ukweli mbele ya korali. Hapo mstari wa nyuma wangepata siku yao, na gitaa lingerudi kwa wavulana kabla ya Misa. Niseme wazi: usingizi ulinikimbia, na si kwa huruma tu. Nilikuwa naogopa kunyang’anywa gitaa kuliko nilivyoogopa dhambi.

Alhamisi saa tisa nilikwenda kwa Papa Kabange. Mama Odia alikuwa amepakua. Nilikula matonge mawili, la tatu nikalirudisha sahanini. “Papa,” nikasema, “pedali mupya haikudanganya. Ya zamani njo iko chini. Ni miye njo nilibonyeza.” Nikamweleza yote. Naye akaliweka tonge lake chini. “Siku gani?” “Siku ya kwanza, Papa. Mbele hata ukate ubao ya kwanza.” Alitazama madimba ukutani. “Donc yote.” “Yote, Papa.” Nilingoja anifukuze. Aliosha mikono, akavua koti, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akalitundika kitini. Akafungua ubao wa kwanza, ule mrefu wa sauti ya chini kabisa, akasema niwashe pedali mpya. Akaanza kuchonga ncha zake ili kuupandisha. Ilichukua zaidi ya saa moja. Mti ulikuwa umekauka na kuwa mgumu, na dole gumba lake lilikuwa limevimba kwa baridi yabisi. Taa ilipokuwa kijani aliurudisha mahali pake, akaugonga, akagonga wa jirani, na ule uliokuwa sahihi ukasikika ndio mbovu. Alicheka kwa pua. “Angalia huyu. Iko juste, na iko peke yake. Hii tutaita Béa.” Alibaki na mbao kumi na sita na siku mbili. Aliukagua wa pili kwenye mwanga wa dirisha, akauona ulivyokuwa mwembamba katikati. “Hii nikigusa tena itapasuka,” akasema, na akavaa koti lake.

Nikabeba vyombo kwenda kuviosha kwenye bomba la uani, chini ya dirisha la salon. Sikwenda kusikiliza. Dirisha lilikuwa wazi, na wale wawili walikuwa wazee, hawakujua kunong’ona. “Sasa utafanya nini dimanche kwa Misa, baba ya batoto?” Mama Odia aliuliza. “Nitasema ni miye nilikata chini.” “Batasema uko muzee, masikio ilikufwa.” “Baseme. Jina langu iko na miaka makumi sita na ine, banaijua. Ya ule mutoto ingali ndogo. Bakisikia ni ye, kesho yake gitaa batamunyanganya.” Mama Odia akauliza, “Na ye utamuambia?” “Ye? Nimuambie ya nini? Ye anazania anajua yote.” Nilikuwa nimeshika sahani yenye sabuni. Nililia pale bombani, nikalia vizuri, makamasi na yote, kisha nikaosha vyombo vile mpaka vikawa vipya, nikaaga kana kwamba sina masikio.

Jumamosi mchana korali tatu zilikutana kwenye jumba la parokia. Watu walikuwa wengi, wamekaa mpaka kwenye madirisha. Nilikuwa na pedali zote mbili miguuni na sikujua nikanyage ipi. Monsieur Serge alifungua piano yake, akapiga la, Papa Kabange akagonga yake, na jumba lote likakunja uso. Serge alikuwa na adabu. “Papa, nisamehe, mais madimba yako iko fausse, haipatane.” Mstari wa nyuma walikohoa. Maître Fidèle alinitazama mimi, kisha pedali, na nikaona swali linamjia. Nilifungua mdomo. Nataka iandikwe kwamba nilifungua mdomo. Lakini Papa Kabange alikuwa ameshasimama, na alipokuwa amesimama hakuna aliyewahi kumkatiza. “Fausse? Kijana, miye njo niliikata. Niliikata chini makusudi. Sauti ya kwetu iko chini, haipandake sawa kuku ya kutaga. Piano yako iko na bouton ya kushusha. Ishushe.” “Mais Papa, piano njo…” “Piano iko na bouton,” mzee akasema. “Mbao yangu haina.”

Jumba lililipuka kwa vicheko, na mstari wa nyuma walipiga makofi kuliko wote. Serge, masikini, alitafuta kwenye mashine yake, akapata namba, akaishusha mpaka 435. Akapiga la. Papa Kabange akagonga. Vikawa kitu kimoja. Aliketi, akarekebisha koti, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. “Béa, unangojea nani?” Nikakanyaga ya zamani, nikaingia. Na Jumapili, mbele ya mapadri na kila mtu aliyenijua, korali tatu na piano moja ziliimba zikifuata kidole cha msichana wa miaka kumi na sita, na nililipiga gitaa siku ile kama sikupata kulipiga kabla. Ubao uleule mrefu peke yake haukugongwa. Aliuruka kila alipoufikia, na kila alipouruka alinikonyeza.

Jumatatu nilikwenda kwa Jeannot kutoa jibu. Nilimwomba msamaha kwanza, mbele ya wateja, kwa sauti ile ile niliyomtukania. Kisha nikampa pedali ya zamani. Kabla ya pale, ningekuambia nachukua mpya kwa sababu ya sauti zake mia, na niseme kweli nilizitaka zote mia, na nimezitumia. Lakini kilichonifanya nikate shauri ni kingine. Kwa ile ya zamani nilikosa bila kujua. Kwa hii mpya ningekuwa nakwenda mwenyewe kila Jumapili mpaka kwenye ile namba, nikijua ni nini na ni ya nani, na kuichagua. Mchana nilimpelekea Papa Kabange aione. Aliigeuza juu chini kama kuku sokoni, akamwomba Mama Odia plasta, akaandika 435 kwa penseli yake, akaibandika. “Usisahau tena kwenye unabonyeza,” alisema, na hilo ndilo karipio pekee nililopata. Tulikula. Kulikuwa na thomson.

Hatukulizungumza tena maisha yetu yote. Mimi nilijua, yeye hakujua kwamba najua, au alijua. Hilo nimeshindwa kuliamua mpaka leo. Uongo wake uliota mizizi ajabu. Ndani ya miaka michache kuna korali nyingine mjini zilizoanza kushusha vyombo vyao “kwa hauteur ya Kabange,” yaani kimo chake cha sauti, na yeye alizitembelea, akatoa mashauri, akalaumu zilizopanda. Kwenye kilio chake, miezi miwili iliyopita, uani kumejaa viti vya plastiki, kiongozi wa sasa wa korali, kijana aitwaye Patient, alikuja na simu yake yenye taa ya kulinganishia sauti. Akagonga madimba ubao kwa ubao. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka ule mrefu wa mwisho: kijani. “Mama Béa,” akaniita kwa mshangao, “hii moja tu njo iko juste!” Nilicheka, kwenye kilio, mpaka wanawake wakanigeukia. Kisha Patient alisoma hotuba kuhusu marehemu, jinsi alivyohifadhi sauti ya chini ya mababu dhidi ya mashine za kigeni. Ilikuwa ndefu, nzuri, na hapakuwa na neno la kweli ndani yake. Nikajikuta nainuka. Siri ile nilikuwa nimeibeba miaka ishirini na kitu, na nilitaka kuiweka chini. Mama Odia, aliyekuwa pembeni yangu kwenye mkeka, alinikamata mkono. “Ikala. Siku ile ya piano njo alikuwa na furaha kupita hata ndoa yetu. Unataka kumunyanganya mbele tumuzike?” Nikaketi. Kwa hiyo Mama Odia alijua kwamba najua. Nilichukua gitaa, nikakanyaga, 435, kijani, tukamwimbia.

Jumapili iliyopita, siku ya kutoa kilio, yaani kumaliza matanga, nilipokuwa naaga, Mama Odia alitoka chumbani na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitambaa cha korali. Ulikuwa ule ubao. Alikuwa ameufungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni. “Beba yako,” akasema. “Zile kumi na sita ni za muzee, zibakie na jina yake. Hii haikukuwa yake hata siku moja. Sasa tumemuzika, sema yenye unataka.” Nyumbani niliuweka mezani, nikauona upande wa chini: katikati alama za kisu cha yale majuma matano, kwenye ncha alama za ile saa moja ya Alhamisi, na pembeni, kwa penseli, herufi tatu za jina langu. Nikawasha pedali, ingali kwenye 435 tangu kilio, nikaweka kipaza sauti karibu, nikaugonga kwa kifundo cha kidole. Taa ikawa nyekundu. Niliugonga tena na tena, nyekundu, nyekundu, huku nalia na kucheka mwenyewe, na ile namba sikuigusa.